Mashine za chai zaamsha swali la zamani Chepilat

KITUO cha biashara cha Chepilat kimekaa juu ya mpaka. Sehemu yake iko Sotik, katika Kaunti ya Bomet, na sehemu iko Borabu, katika Kaunti ya Nyamira. Mkipsigis na Mkisii hununua chumvi katika duka moja, hupanda matatu moja na hulipishwa nauli ile ile.

Barabara inayopita hapo hutoka Kisii, ikapita Keroka, ikaingia Sotik, kisha Kaplong na Litein, hadi Kericho kwenyewe. Kwa miongo mingi ndiyo njia iliyowapeleka watu wa Gusii kwenye mashamba makubwa ya chai, wakiwa na blanketi, sufuria na jina la jamaa aliyetangulia kupata kibarua.

Safari hiyo inazidi kukosa maana. Katika mashamba ya makampuni, kazi iliyofanywa na mikono tangu miaka ya 1920 sasa imeingiliwa na mashine. Mjumbe mmoja wa kamati iliyoundwa kuchunguza suala hilo, ambaye aliwahi kuliongoza Shirika la Ustawi wa Majani Chai (KTDA), alisema mwaka 2023 kwamba Kericho pekee ilikuwa imepoteza nafasi 30,000 za kazi katika muda wa miaka kumi.

Ulimwengu unapojadili jinsi binadamu anavyoishi na mashine zenye akili, mifano inayotajwa ni roboti zenye macho na sauti, au magari yanayojiendesha mitaani bila dereva. Mashine ya chai ya Kericho haina lolote kati ya hayo. Haina uso, haisemi, wala haijiendeshi. Ni lazima pawe na mtu wa kuishika. Hata hivyo, pengine hakuna mashine katika Afrika Mashariki iliyogusa maisha ya watu kwa karibu kuliko hiyo, na hakuna iliyochukiwa zaidi.

Mei 2023 waandamanaji waliingia katika shamba la kampuni ya Ekaterra, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Unilever, wakateketeza mashine 9. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 1.2 za Marekani. Mtu mmoja alipoteza maisha katika makabiliano na polisi, na wengine wakajeruhiwa, maafisa wa usalama wakiwemo.

Hasira hiyo haikuzuka siku moja. Oktoba 2010 Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa na Kilimo (KPAWU) kiliitisha mgomo kupinga mashine hizo hizo, na maelfu ya wachumaji wakaweka vikapu chini. Mwaka 2010 walikuwa na kazi ya kususia. Miongoni mwa waliojitokeza mwaka 2023 walikuwamo vijana ambao hawakuwa na cha kususia, wakabaki na kiberiti.

Ni vyema kueleza mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu chanzo cha ugomvi kimo humo. Mchumaji wa mkono huchagua. Kidole gumba na cha shahada hukata majani mawili na chipukizi, na jani lililokomaa likaachwa mtini. Mashine haichagui. Hupita juu ya michai kama wembe juu ya kichwa, ikikata kila kilichozidi kimo kilichowekwa, kizuri na kibaya pamoja. Zipo zinazobebwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwenzake upande ule, na zipo kubwa zinazotembea juu ya mistari yenyewe. Inaelezwa kuwa moja kubwa yaweza kuchukua nafasi ya wachumaji 100.

Kwa sababu ya ubora, wakulima wadogo wanaouza majani yao kupitia KTDA, ambao ni zaidi ya 600,000 nchini, kwa kiasi kikubwa bado hutegemea mikono. Mashine ni jambo la makampuni.

Makampuni nayo yana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote shambani, na bei katika mnada wa Mombasa haipandi kwa sababu mchumaji wa Kericho ameongezwa ujira. Bila mashine, wanasema, mashamba yenyewe yangefungwa na kazi zote zikapotea. Kamati ya Kericho na Bomet ilijaribu kupita katikati: Machi 2023 ilipendekeza uwiano wa 60 kwa 40 kati ya mashine na mikono, na ikataka sheria ya kupunguza uingizaji wa mashine hizo nchini. Miezi miwili baadaye moto ukawaka.

Mtu aliye mbali angeweza kudhani kwamba watu wa nyanda hizi wanaogopa mitambo. Hilo si kweli, na ushahidi uko katika miji yao wenyewe. Mashine za kuuzia maziwa, ambazo wananchi huziita ATM za maziwa, zimeenea katika miji ya Kenya. Mteja hulipa, huweka chupa yake chini ya mfereji, na maziwa hutoka kwa kipimo cha pesa aliyotoa. Bomet na Sotik ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, ambako tangu zamani maziwa yalipimwa kwa kikombe cha mchuuzi na kwa imani. Mashine imechukua mahali pa kikombe hicho bila mtu yeyote kuisogelea kwa kiberiti.

Jirani zetu wa Rwanda walifanya zaidi ya kuvumilia. Mei 2020, wakati wa janga la Covid-19, roboti 5 ziliingizwa katika vituo vya kutibu wagonjwa, kikiwemo cha Kanyinya, mjini Kigali. Kazi yake ilikuwa kupima joto la mwili na kupeleka ujumbe, ili muuguzi asilazimike kumkaribia mgonjwa kila mara. Ziliitwa Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Hayo ni majina ya watu: jua dogo, matumaini, mwanga. Mashine iliyokuja kumwokoa muuguzi ilipewa jina ambalo mama angempa mwanawe.

Nairobi, mwaka 2024, mkahawa mmoja wa mtaa wa Kilimani ulianza kutumia roboti 3 kupeleka vyakula mezani, nazo zina majina pia: Claire, R24 na Nadia. Watu walifurika na simu zao kuzipiga picha. Ikumbukwe kwamba katika mkahawa huo wahudumu wa kibinadamu hawakuondoka. Roboti hufika na sinia, mteja hujipakulia, kisha huibonyeza iende zake. Anayetaka kuuliza kama pilipili ni kali humwita mhudumu.

(Saudi Arabia ilikwenda mbali zaidi. Oktoba 2017 ilitangaza kuipa uraia roboti iitwayo Sophia, katika nchi ambako maelfu ya wanawake wa Kenya hupika, hufua na kulea watoto bila ndoto ya kupewa hadhi hiyo.)

Kwa upande mwingine, kuchoma mashine si tabia ya Kericho peke yake. Februari 10, 2024, katika mtaa wa Wachina mjini San Francisco, Marekani, umati ulilizingira gari la kampuni ya Waymo lisilokuwa na dereva wala abiria, ukavunja vioo na kulitia moto. Juni 2025 magari mengine ya kampuni hiyo yaliteketezwa Los Angeles wakati wa maandamano ya kupinga misako ya wahamiaji. Kabla ya hapo, huko Chandler, jimbo la Arizona, wakazi walikuwa wakiyarushia magari hayo mawe na kuyapasua magurudumu. Uingereza, ambayo makampuni yake ndiyo yaliyopanda chai Kericho, ilipata misukosuko ya aina hiyo kuanzia mwaka 1811, wafuma nguo walipovunja mashine za viwandani. Bunge lake likajibu mwaka 1812 kwa kuweka adhabu ya kifo.

Kwa hiyo sura ya mashine haielezi mengi. Gari la Waymo ni safi, lina adabu barabarani kuliko matatu nyingi, na bado lilichomwa. Mashine ya maziwa ni sanduku la bati, na limeachwa kwa amani. Jambo linaloonekana kuwa na uzito zaidi ni kama kando ya mashine amebaki mtu wa kuulizwa. Kwenye maziwa yupo muuzaji, ambaye mteja anamjua na anaweza kumgombeza chupa isipojaa. Kanyinya walikuwapo wauguzi, na Kilimani wapo wahudumu. Ndani ya gari la San Francisco kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Shambani Kericho, mtu aliyeishika mashine ni kibarua kama wengine, na hana jibu. Mwenye jibu amezidi kwenda mbali. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC. Mwaka 2023 James Finlay ikakubali kuuza mashamba yake ya Kenya kwa kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba yaliyokuwa ya Unilever nayo yangekwenda kwa Browns hao hao. Mchumaji aliyeajiriwa na Brooke Bond miaka ya tisini angeweza kubadilishiwa mwajiri mara kadhaa bila kuhama nyumba ya kambi. Kilichokuwa karibu, cha kuguswa kwa mkono, ni mashine.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuusifu utaratibu wa zamani kana kwamba ulikuwa wa haki. Februari 2023, miezi mitatu tu kabla ya moto wa Mei, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilitoa uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa na makampuni mawili makubwa walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Nyapara ndiye aliyeamua nani apate kazi na nani arudishwe nyumbani. Huyo alikuwa na uso, jina na sauti, na alikuwa wa kuulizwa; aliyethubutu kumuuliza alipoteza kibarua.

Mashine haimwiti mwanamke pembeni. Katika mjadala wote wa mwaka 2023 hoja hiyo haikusikika sana, labda kwa kuwa haiwapendezi watetezi wa mikono wala wamiliki wa mashine. Lakini ikiwa nafasi zimebaki chache na wanaozitaka ni wale wale, uwezo wa nyapara juu ya kila nafasi iliyobaki unaongezeka. Mwanamke aliyekuwa na sababu ya kumwogopa alipokuwa na nafasi mia za kugawa ana sababu kubwa zaidi akibaki na kumi.

Magari yanayojiendesha ni habari ya mbali kwa Chepilat, ingawa jasho la Wakenya limo ndani yake. Mwaka 2018 ilielezwa hadharani jinsi vijana wa Nairobi, wakiwemo wakazi wa Kibera, walivyokuwa wakiketi mbele ya kompyuta za kampuni ya Samasource wakichora mistari kuzunguka kila gari, kila mti na kila mtu katika picha za barabara, ili gari lijifunze kutofautisha mtoto na nguzo. Malipo yalikuwa takriban dola 9 kwa siku. Uongozi wa kampuni ulisema kulipa zaidi sana kungevuruga soko la ajira la hapa. Yaani macho yanayoliongoza gari mitaa ya California yalifundishwa kwa ujira wa Nairobi.

Picha hizo zilikuwa za barabara za watu wengine. Gari lililofundishwa hivyo likiletwa kati ya Keroka na Sotik lingekuta lugha lisiyoijua. Matawi mabichi yakiwekwa barabarani, dereva wa Kenya anaelewa kwamba mbele kuna lori limeharibika. Taa zikimulikwa mara mbili mchana, ni onyo kwamba polisi wako karibu. Mchungaji akiinua fimbo, ng'ombe watapita kwanza. Mama mwenye mzigo kichwani hatafuti alama za kivuko; anamtazama dereva machoni, na akiona amepunguza mwendo, anavuka. Mvua ya mawe ya alasiri ni mtihani mwingine kabisa.

Wanaotetea magari hayo wana jibu zito, na jibu hilo lina tarehe. Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likawaponda wachuuzi, abiria na wahudumu wa bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Kompyuta hailewi, haisinzii, wala haishindanii abiria. Anayeishi kando ya barabara hiyo ana haki ya kulitamani gari lisilochoka.

Lakini baada ya Londiani wananchi walijua waulize nani: breki za lori, dereva wake, mwenye lori, na serikali iliyoacha soko lisogee hadi ukingoni mwa lami. Machi 18, 2018, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli yake mjini Tempe, Arizona. Mwendesha mashtaka aliamua mwaka 2019 kwamba kampuni isishtakiwe. Aliyeshtakiwa ni mfanyakazi aliyewekwa ndani kuliangalia gari, na mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha. Wachumaji wa chai hawatashangaa kusikia kwamba lawama ilimfikia kibarua ikaishia hapo.

Serikali ya Kenya ilizindua mwaka 2025 Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025–2030. Yako mengi ya kusifiwa katika nia hiyo ya kujiandaa mapema. Hata hivyo, mashine za chai zilifika kabla ya mkakati wowote, na suala lake halihitaji akili unde ili kulielewa.

Suala lenyewe, kwa mkazi wa Chepilat, ni jirani. Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi mkuu kutangazwa, shamba la Unilever huko Kericho lilivamiwa na wafanyakazi wa jamii nyingine wakashambuliwa katika nyumba zao. Watu 7 waliuawa. Walalamishi 218 walifika hadi mahakama za London, na Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko ikaamua kwamba kesi yao dhidi ya kampuni mama haiwezi kuendelea.

Chepilat yenyewe iliungua wiki chache baada ya uvamizi huo. Januari 31, 2008, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi na polisi mjini Eldoret. Mapigano yakalipuka mpakani, vijana wa pande mbili wakakabiliana kwa pinde na mishale, na nyumba na maduka yakateketezwa. Waliokuwa wakinunua chumvi pamoja walitazamana kwa mbali, kila mmoja upande wake.

Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba mashine zilisababisha hayo. Ardhi na kura zilitosha. Lakini kibarua cha chai kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa: nani aje kuchuma, nani alale katika nyumba za kambi, nani ni mgeni katika ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai wanasema walinyang'anywa na wakoloni. Sasa kibarua hicho kinapungua. Mashine haina jamii inayotoka, kwa hiyo haiwezi kuambiwa irudi kwao. Mchumaji aliyesimama karibu nayo anaweza kuambiwa, na kila nafasi inapopotea sauti zinazodai kwamba zilizobaki ziwe za wenyeji kwanza hupata wasikilizaji wapya.

Kipimo cha karibu kimo katika mauzo ya mashamba. James Finlay ilipokubaliana na Browns mwaka 2023, ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingetengewa ushirika wa wenyeji. Jamii iliyopokonywa ardhi iliahidiwa sehemu ya kile ambacho ardhi hiyo inazaa. Ni hatua yenye maana, na iliyochelewa. Maana yake pia ni kwamba, kuanzia hapo, baadhi ya faida inayoletwa na mashine itawafikia majirani wa shamba wenyewe, na mwanahisa hataitazama mashine kwa jicho lile la mwaka 2023.

Neno "wenyeji", hata hivyo, lina mpaka, na mpaka huo unapita karibu na Chepilat. Mwanamke wa Borabu aliyechuma chai Kericho kwa miaka 20, mgongo ukapinda chini ya kikapu, kisha nafasi yake ikachukuliwa na mashine, hayumo katika ushirika huo. Ardhi haikuwa ya babu zake. Mashine alizofanyiwa nafasi zinaendelea kukata, na mgao wa faida yake utaishia upande wa pili wa barabara anakoshukia matatu.